Tulikimbia na majina ya majani, mimea yenyewe ikabaki nyumbani

Kila asubuhi, pembeni ya makambi, mashule na majumba ambamo jamaa zilizokimbia vita zimepata mahali pa kulala, wamama wanatoka kutafuta majani ya kupika. Sokoni kunahitaji franka. Porini na kando ya barabara majani ni ya bure. Wanachuma lengalenga, matembele na mnavu, na siku nyingine wanachuma kitu kinachofanana na jani la kwao, ila hawana hakika kama ni lenyewe. Mama akisimama mbele ya jani hilo, nani atamjibu? Jirani yake ni mkimbizi kama yeye. Mwenye shamba hataki hata kumwona. Munganga wa kituo cha afya alisoma dawa za kizungu, hakusoma majani.

Tunazungumza sana juu ya maji safi, mahema na unga kwa watu waliohama, na ni haki tuzungumze. Lakini kuna kitu kimoja kilichopotea njiani ambacho hakuna shirika linalokihesabu: ujuzi wa mimea. Mtu akihama kutoka kijiji chake, anahama na majina yote ya majani aliyofundishwa na mama yake, lakini mimea yenyewe inabaki. Kule anakofika anakuta mingine, na anaipa majina ya zamani. Hapo ndipo hatari inaanza. Kwa hiyo ninasema wazi: mashariki ya Kongo tunahitaji mahali ambapo raia wa kawaida anaweza kuleta jani, ua au tunda, na kuambiwa ni mmea gani, unaliwa au unaua. Hilo si anasa ya wanasayansi, ni kazi ya afya ya watu wote.

Inchi moja, mapori mengi

Asiyejua jimbo letu anaweza kufikiri kwamba Mkongomani ni Mkongomani na pori ni pori. Sivyo. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko mita karibu 770 juu ya usawa wa bahari. Panda juu ya milima ya Itombwe na utapita mita 3000. Kati ya hapo na pale, mimea inabadilika mara nyingi kuliko lugha. Walikale kuna msitu mkubwa wenye joto na mvua. Masisi ni milima ya baridi na malisho. Pembeni ya Goma udongo ni mawe meusi ya volkano ambayo yana majani yake. Wataalamu wanakadiria kwamba Kongo nzima ina karibu aina 10,000 za mimea. Hakuna mzee, hata awe na miaka mia, anayeijua yote. Kila mzee anajua ile ya kwao, na anaijua vizuri.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema wakimbizi wanakula majani mabaya kwa sababu ya ujinga. Mama wa Walikale anajua fumbwa na majani ya msituni kuliko mwalimu yeyote wa chuo kikuu. Lakini umempeleka juu ya mawe ya Goma. Ujuzi wake ulikuwa sahihi pale ulipozaliwa. Vita imeuondoa pale na kuuweka mahali ambapo majina yanabaki kinywani lakini hayashiki tena kitu.

Jina moja, mimea miwili

Wengine watasema: basi waulize wenyeji jina la jani, yatosha. Haitoshi, na hapa kuna mifano ya kutosha kutoka vyungu vyetu wenyewe.

Lengalenga ni lengalenga hapa kwetu. Kinshasa wanaita bitekuteku, Tanzania mchicha, Uganda doodo, Rwanda imbwija. Mboga moja, majina matano, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Mtaelewana sokoni kwa kuonyeshana. Sasa geuza upande wa pili. Katika Kinyarwanda, kinachosemwa pia Rutshuru na Masisi, kuna isogi na kuna isogo. Herufi moja tu ya mwisho imebadilika, lakini ni mimea miwili ya jamaa tofauti kabisa. Isogo ni mnavu, ndugu wa nyanya na wa viazi, na matunda yake mabichi ya kijani si ya kupewa mtoto. Isogi ni ile mboga yenye majani yaliyogawanyika kama vidole vya mkono, na haina ubaya huo. Mtu asiyezaliwa katika lugha hiyo akisikia mara moja, kwa haraka, atakumbuka nini?

Mfano mkubwa zaidi ni mwarobaini. Karibu kila mji wetu una mtu anayesema ana mti wa mwarobaini katika lupango lake na anachemsha majani kwa malaria, minyoo na ngozi. Mwarobaini wenyewe, ambao wafaransa wanauita neem, ni mti wa sehemu za chini zenye joto. Kwenye baridi ya Bukavu, mita karibu 1500 juu, unapata shida kukua. Lakini kuna mti mwingine unaofanana nao sana, wenye maua ya rangi ya zambarau na matunda madogo ya mviringo yanayogeuka njano na kubaki mtini hata majani yakianguka. Jina lake la sayansi ni Melia azedarach. Wakenya wenye macho wameuita mwarobaini nusu, na jina hilo limesema yote. Huo unavumilia baridi na umepandwa sana kwa kivuli na uzuri. Matunda yake yana sumu, na watu na wanyama wamekufa kwa kuyala.

Kuitofautisha si uchawi. Chukua jani zima kutoka pale linaposhikana na tawi. Mwarobaini wa kweli una kijiti kimoja cha katikati, na vijani vimepangwa kushoto na kulia kama manyoya. Mwarobaini nusu una kijiti cha katikati kinachotoa vijiti vingine, ndipo vijani vinakaa juu ya hivyo vijiti vidogo. Jani limegawanyika mara mbili. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza jambo hilo kwa dakika tano. Lakini nani amemfundisha? Nani amewafundisha wazazi wake wanaochemsha?

Muhogo unaotuua polepole

Tusifikiri kwamba shida iko porini tu. Mmea tunaokula zaidi ya yote, muhogo, una uso wa namna mbili. Kuna muhogo mtamu na kuna muhogo mchungu, na ni mmea mmoja wa aina moja. Kwa kuangalia jani peke yake hutajua kwa hakika ni upi. Mkulima anajua kwa sababu anajua jina la mbegu aliyopanda, alikoitoa, na namna mizizi yake inavyoonja. Mchungu una sumu ya sianidi nyingi, na ndiyo sababu babu zetu waliloweka mizizi ndani ya maji siku tatu, kisha wakaianika, ndipo wakatwanga unga wa bugali.

Vita ikifika, mambo mawili yanaharibika pamoja. Kwanza, jina la mbegu linapotea: mtu anapewa miti ya kupanda na mtu asiyemjua, au anavuna shamba ambalo si lake. Pili, muda wa kuloweka unakatwa, kwa sababu watoto wana njaa leo, na mto hauna usalama. Watu wakikula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri kwa majuma mengi, bila maharagwe, samaki wala nyama, ugonjwa wa konzo unaweza kutokea: miguu inakakamaa ghafla, na hairudi tena kuwa kama zamani. Jina hilo limetoka kwetu Kongo, katika lugha ya Wayaka, na munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1938 baada ya kuukuta Kwango. Kwa miaka mingi watu wa mashariki walisema konzo ni shida ya Bandundu. Lakini mwaka 2011 watafiti walitangaza wagonjwa wa konzo katika Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi, wilaya ya Mwenga, na wakasema wazi kwamba ni eneo lililovunjwa na vita.

Miguu ya mtoto haisubiri amani. Hapo kujua ni muhogo gani umeshika mkononi ni sawa na kujua kama mtoto atatembea mwaka kesho.

Maua mazuri ya kiwanja

Mjini nako tumepanda hatari kwa mikono yetu. Pita katika mitaa ya Bukavu au Goma na uangalie mazizi ya maua na uzio wa nyumba. Utaona kile kichaka chenye maua makubwa yanayoning'inia chini kama tarumbeta, meupe, ya njano au ya waridi, yanayonukia sana jioni. Ni brugmansia, ndugu wa datura. Kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, mbegu. Aliyeila anakauka kinywa, mboni za macho zinapanuka, moyo unapiga mbio, anaanza kuona watu ambao hawapo na kusema maneno yasiyo na maana. Katika mitaa yetu tunajua kitakachofuata: badala ya kumpeleka hospitali, jamaa inasema amerogwa au ana pepo, na saa zinapita.

Kuna pia ule mti mdogo wenye maua ya njano kama kengele na majani membamba yenye maziwa, thevetia, ambao mbegu yake inaweza kusimamisha moyo. Kuna mbono, ambao mbegu zake nzuri zenye madoadoa watoto wanazichezea kama kete. Kuna jatrofa, uzio unaopendwa kwa sababu mbuzi hawauli, na watoto wanaokula mbegu zake zenye ladha ya karanga wanatapika na kuhara mpaka wanaishiwa maji. Sisemi tuing'oe yote. Mafuta ya mbono ni dawa na biashara duniani kote, na jatrofa inalinda mashamba. Ninasema mwenye lupango ajue jina na tabia ya kila kitu alichopanda, kama anavyojua jina la mpangaji anayelala ndani ya nyumba yake.

Mtu akisema kupika kunaondoa sumu yote, mkumbushe Uganda. Mwaka 2019, katika Karamoja, watu wakagonjwa baada ya kula uji wa unga ulioongezwa virutubishi, uliokuwa msaada wa chakula. Zaidi ya watu 290 wakapata shida na 5 wakakufa. Vipimo vikaonyesha ndani ya unga sumu za kundi lile la datura. Uji ulikuwa umepikwa, na sumu ikabaki. Kama mbegu ya mmea wa porini inaweza kupita ndani ya magunia ya shirika kubwa lenye maabara, itapita pia ndani ya ungo wa mama aliyeokota soya shambani.

Anayejua mmea ana mali

Hadi hapa nimesema juu ya kifo. Lakini kutambua mmea kunaleta uzima pia, na Kivu ina deni kwa watu waliojua kutofautisha mti na mti. Miti ya kinini ilipandwa katika milima yetu wakati wa ukoloni, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimejulikana mbali kwa kutoa kinini. Miti hiyo ilitoka Amerika ya Kusini, na iko ya aina nyingi. Aina nyingine ganda lake lina dawa kidogo sana, halifai kazi ya kulichuna. Aina moja ina nyingi kuliko zote. Aliyejua kuichagua msituni hakuwa profesa. Alikuwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, aliyemfanyia kazi mchuuzi Mwingereza Charles Ledger. Mamani alichagua mbegu za miti ile bora, na mwaka 1865 zikafika Ulaya. Serikali ya Uingereza haikuzitaka, Waholanzi wakanunua kidogo, wakazipanda Java, na biashara ya kinini ya dunia ikawa mkononi mwao. Ledger ndiye aliyepewa jina la mti: Cinchona ledgeriana. Mamani alikamatwa kwao, akapigwa, akafa.

Ninakumbusha habari hiyo kwa sababu ina mafundisho mawili. Jicho la mwenyeji ndilo lililotambua mti, na pale ambapo ujuzi wa mwenyeji haukuandikwa kwa jina lake, wengine walikula matunda.

Habari ya artemisia inaelekea huko huko. Mchina Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka katika mmea ulioandikwa ndani ya vitabu vya zamani vya China. Lakini jina la vitabuni lilikuwa linaitwa kwa mimea zaidi ya mmoja, na ni Artemisia annua iliyobeba dawa yenyewe. Hapa kwetu, tangu Korona ya mwaka 2020, kila mtu anauza artemisia. Ukiangalia vifurushi sokoni, majani yaliyokauka na kusagwa, hakuna anayeweza kukuhakikishia ni mmea gani. Na hata ingekuwa ndiyo yenyewe, Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia kama dawa ya malaria, kwa sababu kipimo chake hakijulikani. Vivyo hivyo kwa ganda la Prunus africana, mti wa milima yetu unaotafutwa sana na viwanda vya dawa za wanaume wazee. Biashara yake kati ya inchi na inchi imewekwa chini ya sheria ya kimataifa tangu 1995. Mkaaji anayejua mti wake atauza kwa bei na ataacha mti uishi. Asiyejua ataukata uanguke kwa franka kidogo.

Simu haitoshi

Vijana watanijibu: siku hizi kuna programu. Unapiga foto ya jani, simu inakuambia jina. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Pl@ntNet, kwa mfano, ilitengenezwa na watafiti wa Ufaransa, ni ya bure, na inasema wazi kwamba inatoa majina yanayowezekana pamoja na asilimia. Ninawashauri wenye simu nzuri waitumie kama mlango wa kwanza.

Lakini tuelewe inavyofanya. Programu haina akili ya mzee wa kijiji. Imeonyeshwa mafoto mengi ya mimea, na inalinganisha foto yako na zile. Mimea ya Ulaya na Marekani ina mafoto mengi sana. Mimea ya Itombwe, Maiko au Lubero ina machache, na mingine haina hata moja. Ukiiletea mmea usio ndani ya sanduku lake, mara nyingi itakutajia ule unaokaribiana nao. Kwa maua ya bustani haidhuru. Kwa jani la chungu, kukaribiana si kitu: mwarobaini na mwarobaini nusu wanakaribiana. Tena programu inataka intaneti, na intaneti inataka franka, na mama anayechuma majani mara nyingi hana vyote viwili.

Watu tunao, milango imefungwa

Kinachouma ni kwamba hatuanzi bure. Lwiro, katika wilaya ya Kabare, kuna kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikianzisha chini ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, na leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi ya Asili. Ndani yake kuna erbariumu, yaani ghala ya mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa juu ya karatasi pamoja na jina lake, mahali ulipochumwa na tarehe. Yangambi, kilometa kama 100 kutoka Kisangani, iko erbariumu kubwa kuliko zote za Afrika ya kati, yenye karatasi karibu 150,000. Mizizi yake inatoka katika INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933. Vitabu vikubwa vya mimea ya Kongo vilianza kutoka mwaka 1948, na kazi hiyo haijamalizika.

Hiyo ni mali ya inchi. Ni mkaaji gani wa Kalehe, Fizi au Beni amewahi kupewa nafasi ya kuleta jani na kuuliza? Watafiti wetu wengi wanafanya kazi kwa moyo, mishahara inachelewa, umeme hakuna, barabara hakuna. Silaumu hao. Ninalaumu mpango wa serikali unaoona erbariumu kama kumbukumbu ya wakoloni, na mpango wa mashirika unaoleta mtaalamu wa ng'ambo kwa miezi mitatu huku mtaalamu wa mimea yuko Lwiro bila mafuta ya pikipiki.

Kuna wanaosema majina ya Kilatini ni ya wazungu, wazee wetu walijua bila hayo. Nimekwisha kusema: wazee wanajua, na bila wao erbariumu ni nyasi kavu tu. Jina la Kilatini lina faida moja, nayo ni kubwa: halibadiliki mpakani. Mshi, Mnande, Mlega na Mbembe wanaweza kuita mti mmoja majina manne, kila mmoja kwa haki yake, na jina la tano likawaonyesha kwamba wanasema juu ya kitu kimoja. Tuandike yote pamoja, na jina la mzee aliyefundisha liandikwe pia, yasije yakatupata ya Mamani.

Yanayoweza kufanyika sasa

Sitaki kungoja mradi wa mamilioni ya dola. Kuna mambo manne ambayo hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza, kila zone ya afya ibandike katika vituo vyake ukurasa mmoja wa mafoto ya mimea 20 yenye sumu inayopatikana katika eneo lake, na majina yake kwa Kiswahili na kwa lugha za pale. Watafiti wa Lwiro na wa vyuo vikuu vyetu wanaweza kuuandaa kwa juma moja.

La pili, Lwiro na vyuo vyenye masomo ya biolojia na kilimo vifungue mlango siku moja kwa juma, na namba moja ya simu, kwa ajili ya raia wenye jani la kuuliza. Wanafunzi wanahitaji mazoezi, raia wanahitaji jibu.

La tatu, redio. Katika mashariki redio inafika pale ambapo gari haifiki. Nusu saa kwa juma, mzee mmoja na mtafiti mmoja, mmea mmoja: namna ya kuutambua, unakofanana na mwingine, kazi yake na hatari yake.

La nne, mashirika yanayogawa chakula na mbegu kwa wakimbizi yatafute wamama wenyeji wanaojua majani ya pale, yawalipe, wawatembeze wageni. Siku mbili za kutembea shambani zinaweza kuokoa watoto kuliko vikao vingi vya hotelini.

Wakati tunangoja hayo, kila mmoja ana la kufanya nyumbani. Usionje mmea usioujua ili kuujaribu. Mingine kidogo tu kinatosha kuua. Usiseme mbuzi au ndege amekula, basi mimi pia naweza. Tumbo lao si lako. Ukitaka kuuliza, usipige foto ya jani moja lililokatwa. Piga mmea mzima, jani mbele na nyuma, namna majani yanavyokaa juu ya tawi, ua na tunda kama viko, na uangalie kama ukivunja yanatoa maziwa au harufu. Au weka tawi lenye ua kati ya magazeti, juu yake kitu kizito, ubadilishe magazeti mpaka likauke, na uandike mahali, tarehe na jina ambalo watu wa pale wanalitaja. Hivyo tu ndivyo karatasi zile za Yangambi zilivyotengenezwa.

Na mtoto akila kitu cha mashaka, usimlazimishe kutapika, usimwendee mwombezi kwanza. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe tawi la mmea wenyewe, au hata mabaki yaliyotoka mdomoni. Munganga anayeona mmea anaokoa saa nzima ya kubahatisha, na katika sumu, saa moja ni nyingi.

Siku amani ikirudi, watu watarudi Masisi, Mwenga, Djugu na Walikale. Watakuta mashamba yamekuwa pori, na watoto waliozaliwa kambini hawatajua jani lolote la kwao. Kazi ya kuwafundisha itakuwa rahisi ikiwa wazee bado wako hai na tumeandika wanayoyajua. Tuanze kuandika sasa, wakati bado wanaweza kutuonyesha kwa kidole.